Anayejua kukabia juu hashindwi na volkano

Mwezi uliopita kituo kimoja cha redio hapa Mbeya kilikiondoa hewani kipindi chake cha Jumapili asubuhi, kile cha saa nzima ambamo mgeni mmoja aliketi studio na kuulizwa mambo anayoyajua: wiki hii mwalimu wa chuo, wiki ijayo mtafiti wa viazi, wiki nyingine mzee wa kimila kutoka Rungwe au Mbozi. Saa hiyo sasa imepewa salamu na nyimbo za injili. Kituo sitakitaja, kwa sababu hakiko peke yake na wenyewe wanajijua. Kinachonisumbua ni sababu iliyotolewa, na jinsi kila niliyemsimulia alivyoitikia kwa kichwa kana kwamba ni jambo lisilohitaji mjadala: msikilizaji wa siku hizi hana subira. Simu imemharibu. Mpe kipande cha dakika moja na kicheko kidogo, basi. Ukimletea dokta wa jiolojia anabadilisha stesheni kabla hujamaliza kutaja cheo chake.

Hilo la cheo nitalirudia, maana ndani yake mna ukweli. Yaliyobaki nadhani tumeyasoma kinyume. Msikilizaji wetu wa Nyanda za Juu Kusini hajachoshwa na mazungumzo marefu, wala hajaichoka elimu. Amechoshwa na mazungumzo ambayo hakuna mtu aliyeyaandaa. Mambo hayo mawili yanafanana ukiyatazama kutoka ofisi ya mauzo ya matangazo, lakini yana hatima tofauti kabisa. Likiwa kweli la kwanza, hakuna la kufanya, tufunge tu na kupiga muziki. Likiwa kweli la pili, basi tumemhukumu msikilizaji kwa kosa la mtayarishaji.

Ushahidi wangu uko Mwanjelwa, kwa fundi viatu ambaye redio yake imetundikwa kwenye msumari juu ya benchi la wateja. Asubuhi yote ni uchambuzi wa soka. Siku niliyompelekea kiatu kushonwa soli, wachambuzi watatu walikuwa wanabishana kwa nini timu fulani ya Ligi Kuu ilifungwa ilhali ilimiliki mpira mchezo mzima. Wa kwanza alisema walikabia juu bila kiungo mkabaji wa kuziba nafasi nyuma. Wa pili akamkatalia: namba sita alikuwepo, tatizo ni beki wa kushoto aliyekuwa anapanda kila mara na hakuna wa kumfidia. Wa tatu akawarudisha wote kwenye bao lenyewe, pasi kwa pasi. Fundi aliacha sindano hewani akasema, "Huyo wa pili ndiye kauona mchezo." Mwenye duka la vipodozi akapinga kutoka ng'ambo ya njia. Ubishi wa redioni ulikwenda zaidi ya nusu saa bila wimbo, na hakuna aliyegusa kitufe.

Tazama kinachofanyika hapo. Mtu anayefuatilia jinsi beki anavyopanda, nafasi inavyoachwa, mpira unavyohamishiwa upande wa pili na bao linavyopatikana, anafuata sababu na matokeo kwa hatua nne au tano kichwani mwake, bila picha, na bado anapima shahidi yupi anaaminika kuliko mwenzake. Akili hiyo hiyo ndiyo inayohitajika kuelewa kwa nini mbolea ya DAP haimfai mkulima fulani wa mahindi. Udongo ukiwa na tindikali kali, fosforasi ya kwenye mbolea hunaswa na chuma na aluminiamu zilizomo ardhini, mzizi hauipati. Majani yanageuka zambarau, mkulima anaongeza mfuko mwingine, hali inabaki ile ile, kumbe alichohitaji kwanza ni chokaa. Ni mfumo, kama wa timu: mchezaji mzuri umemnunua, ila umempanga mahali anapokabwa na watu wawili. Sioni kwa nini fundi yule ashindwe kuufuata. Ninachokiona ni kwamba hakuna aliyewahi kumweleza mambo ya udongo kwa ubishi na ushahidi kama anavyoelezwa bao.

Sasa sikiliza kipindi cha kawaida cha mtaalamu. Mtangazaji anafungua: "Karibu sana dokta. Labda kwanza wasikilizaji wetu wangependa kukufahamu." Zinapita dakika nane za shule alizosoma na vyeo alivyoshika. Halafu: "Nini maana ya historia?" Mgeni anatoa maana kama ilivyo kwenye daftari la kidato cha kwanza. "Na umuhimu wake?" Wa kwanza, wa pili, wa tatu. "Changamoto mnazokutana nazo?" Bajeti. "Nini wito wako kwa jamii?" Jamii itunze urithi wake kwa ajili ya vizazi vijavyo. Wimbo. Swali la nyongeza halikuwepo hata moja, na hakuna jibu ambalo mgeni alilazimika kulifikiria kabla ya kulitamka. Ukiniambia msikilizaji alibadilisha stesheni, nitakujibu kwamba aliamua kwa busara. Mimi mwenyewe nimewahi kubadilisha, tena mgeni alikuwa rafiki yangu.

Mchambuzi wa soka ameuona mchezo kabla ya kuingia studio. Hiyo ndiyo siri yote, kama ni siri. Mwongozaji wake naye ameuona, kwa hiyo mgeni akipotea anamkata: hapana, dakika ile mchezaji huyo alikuwa ameshatolewa. Kwa mtaalamu wa historia, mwongozaji amekabidhiwa jina la mgeni asubuhi ile ile, pengine kwenye karatasi iliyokunjwa, akiwa njiani kwenda kusoma matangazo ya vifo. Hajui pa kumkata. Anabaki na heshima tu, na heshima isiyo na maswali humgeuza mgeni kuwa mhubiri.

Hoja kwamba watu wetu hawakuzoea redio ya kufikirisha ndiyo dhaifu kuliko zote, na historia ya redio yenyewe inaikataa. Mwaka 1973 Radio Tanzania Dar es Salaam ilibeba kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika vikundi vikundi vijijini, redio moja katikati, kiongozi wa kikundi na kijitabu mkononi; walisikiliza kipindi, wakakizungumza, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi zilizozunguka nyumba. Walioshiriki walifikia kama milioni mbili, katika nchi ambayo wengi wa watu wazima wake hawakujua kusoma. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai kwa mtindo ule ule. Ikiwa subira ni tabia ya watu, basi tabia hiyo ilikuwepo, na sijasikia mtu akieleza ilipotelea wapi huku uchambuzi wa soka ukizidi kurefuka kila msimu.

Hata hivyo sizipambi siku zile. Kituo kilikuwa kimoja na jibu lilikuwa limeshapitishwa Dar es Salaam kabla kikundi cha Makete hakijawasha redio. Kikundi kiliulizwa jinsi ya kutekeleza. Hakikuulizwa kama mpango wenyewe una kasoro. Yale yalikuwa mafunzo, tena mazuri, lakini hayakuwa mazungumzo. Sheria ya utangazaji ya 1993 ilipofungua milango kwa vituo binafsi, tulipata nafasi ya kuchukua kile kikao cha watu na redio moja katikati, tukaongeza kilichokosekana, yaani kubishana na mtaalamu mwenyewe. Vituo vikaja kweli: Iringa, Mbeya, Njombe, hadi Tukuyu na Kyela. Ubishi ukaenda kwenye mpira. Huku kwetu ulipata nguvu zaidi Mbeya City ilipopanda Ligi Kuu na kumaliza ya tatu katika msimu wake wa kwanza, 2013/14, mji mzima ukawa na kitu chake cha kuchambua.

Wenzetu wa Uingereza nao waliwahi kuambiwa habari hii ya subira. Oktoba 1998 BBC ilimpa Melvyn Bragg saa ya Alhamisi asubuhi ambayo watu wa redio waliiita saa mfu, akaweka humo kipindi cha In Our Time: walimu watatu wa vyuo vikuu, mada moja, hakuna muziki. Leo ushairi wa kale, wiki ijayo vimelea, nyingine vita vya karne zilizopita. Bragg alipotangaza kuachia kiti Septemba 2025, vipindi vilikuwa vimepita 1,000. Wapo hapa nyumbani walioipokea habari hiyo kama kifo cha redio ya namna hiyo duniani, na wapo waliosema hayo ni mambo ya Wazungu walioshiba vitabu. Wote wawili wanapita pembeni. Kilichokiweka kipindi kile hai ni kwamba mwongozaji alikuwa anasoma kabla, na hakuwa na aibu ya kumkatiza profesa anayezunguka: subiri, hilo hujalieleza. Cha kuiga ni hicho. Kuna visivyofaa kuigwa pia. Kipindi kile kinalipwa na ada ya wananchi wenye televisheni, sisi hatuna ada hiyo; na kwake mtaalamu ni mtu wa chuo kikuu tu, jambo ambalo kwa nchi yetu ni hasara, nami nitalieleza hapa chini.

Fedha ndiyo hoja nzito, na wanaoitoa siwacheki. Kituo cha mkoani kinaishi kwa tangazo la duka la simu, salamu za kulipia, vifo, na mradi unaokuja na hela ya mwaka mmoja. Kipindi kilichoandaliwa kinahitaji mtu mmoja anayelipwa kusoma siku mbili ili azungumze saa moja, na hakuna mwenye duka anayeona faida ya siku hizo mbili. Mwenye mradi huiona, lakini hununua pamoja na jibu. Rudi kwenye udongo: kama kipindi cha kilimo kimedhaminiwa na muuza mbolea, nani atasema hewani kwamba mwaka huu mkulima anunue chokaa kwanza? Kwa hiyo nakubali kwamba mtaalamu hawezi kuwekwa kila siku, na hawezi kushindana kwa mapato na mpira. Ila sikubali kwamba hiyo ni sababu ya kumwondoa. Kipindi kimoja kwa wiki mbili, kilichoandaliwa barabara, kikarudiwa usiku na kuhifadhiwa, ni bei nafuu kuliko vinne kwa mwezi vya "nini wito wako". Kituo kilichofuta cha Jumapili kilikuwa kimeshalipa gharama yote ya saa ile isipokuwa ile ndogo iliyohitajika zaidi, ya kumpa mtu muda wa kujiandaa.

Kuna wanaosema yote haya yamehamia kwenye simu, anayetaka historia ataitafuta mtandaoni. Kwa kijana wa Dar es Salaam mwenye bando, sawa, na vijana wanarekodi mazungumzo mazuri tu siku hizi. Kwa mama anayepalilia viazi Isyonje au anayechuma chai Mufindi, mikono ina kazi, mtandao unakuja na kuondoka na ukungu, na bando ni hela ya chumvi. Lakini hata bando likishuka bei, kuna kitu simu haikitoi. Kwenye daladala ya Uyole abiria wote wanasikia jambo moja kwa wakati mmoja, na anayepinga anampinga jirani yake wa kiti. Kila mtu akiwa na kisikizio chake, wanasikia mambo ishirini na hakuna ubishi. Hapo ndipo redio ya 2026 inapofanana na ile ya kikundi cha 1973, na mwenye kituo anakaa juu ya mali hiyo bila kuijua.

Lugha nayo hutajwa sana. Wataalamu wetu, wanasema, hawawezi kueleza sayansi kwa Kiswahili. Kila sentensi ya tatu inaangukia Kiingereza. Ni kweli wanaangukia. Nimemsikia mtafiti akihangaika kutafuta neno la Kiswahili kwa uji wa moto unaotoka kwenye volkano, hali neno zaha limo kwenye vitabu vya jiografia vya shule ya msingi. Istilahi zipo nyingi kuliko tunavyokiri: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilishatoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990. Maneno hayo hayakufa kwa ubaya, yalikosa tu mtu wa kuyatumia mbele ya watu. Linganisha na mpira. Kuotea, mlinda mlango, kiungo mkabaji, mkwaju wa penalti: maneno haya hakuyasambaza mwalimu darasani. Yalisambazwa na watangazaji waliolazimika kusema jambo mpira ukiwa unatembea, wakasema, msikilizaji akaelewa kutokana na kilichokuwa kinatendeka, kesho akalitumia. Redio haingoji lugha iwe tayari ndipo iseme. Nadhani dokta wa jiolojia akibanwa mara kumi na mwongozaji mkaidi, mara ya kumi na moja atasema zaha, au atasema uji wa mwamba, na abiria wa Uyole wataamua lipi linadumu.

Nimesema nitarudi kwa suala la nani ni mtaalamu. Mwaka 2003 watafiti wa wanyamapori waliokuwa wakifanya kazi Mlima Rungwe walisikia kwa wawindaji na wanakijiji wa Kinyakyusa habari za kima mwenye haya, anayekaa juu mitini, anayeitwa kipunji. Habari zenyewe zilichanganyika na za mizimu, kwa hiyo haikuwa wazi kama anayetajwa ni mnyama au ni kitu cha hadithi. Mwishoni mwa mwaka ule wakamwona. Mwaka uliofuata watafiti wengine wakamwona katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, upande wa Iringa, bila kujua habari za wenzao. Mwaka 2005 akatangazwa duniani kama aina mpya, na 2006, baada ya kupimwa vinasaba, akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa kima wa Afrika kwa zaidi ya miaka 80. Waliohesabiwa baadaye walikuwa kiasi cha 1,100 tu. Kisayansi kipunji aligunduliwa, Kinyakyusa alikuwa na jina lake siku zote. Mwindaji alijua mlio wake na matunda anayoyapenda. Mtafiti alijua kusoma vinasaba na kuona kwamba huyu yuko karibu zaidi na nyani wa savana kuliko na ndugu zake wa mitini anaofanana nao kwa sura. Hakuna kati yao aliyekuwa na habari nzima. Waweke studio moja, uwaache wakatizane, na usimpe mmoja cheo cha mtaalamu na mwingine cha "mwananchi wetu", kwa sababu ukifanya hivyo mwananchi ataishia kusalimia tu.

Kuna mada nyingine huku ambayo inalilia meza ya watu watatu. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu la Mtwa Mkwawa kwa Waingereza ndani ya miezi sita. Lilirudi Kalenga Juni 1954, miaka 35 baadaye, likiletwa na Gavana Edward Twining kutoka jumba la makumbusho la Bremen. Twining alilichagua miongoni mwa mafuvu mengi kwa kulinganisha vipimo na vya ukoo wa Mkwawa. Watoto wa shule hupelekwa Kalenga, huliona ndani ya kioo, huambiwa tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walimwua Zelewski, kamanda wa jeshi la Wajerumani, kule Lugalo, huambiwa Mkwawa alijipiga risasi Julai 1898 asikamatwe, wanarudi kwenye basi. Hakuna anayewauliza swali ambalo mtu mzima yeyote angeliuliza: vipimo vya mfupa vinaweza kumtambua mtu mmoja? Kwa nini Waingereza waliweka fuvu la mtawala wa Uhehe katika mkataba wa kumaliza vita vya Ulaya? Kwa nini likarudishwa mwaka ule ule ambao TANU ilizaliwa, wiki chache kabla? Mwanahistoria ana lake la kusema, mtaalamu wa vinasaba ana lake, na ukoo una lake ambalo huenda likawa kubwa kuliko yote, kwamba kwao lililorudi ni heshima na kipimo ni jambo la pili. Hao watatu hawatakubaliana. Ndiyo raha ya kipindi. Tulipata nafasi nyingine kama hiyo Novemba 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alipoomba radhi Songea kwa ukatili wa wakati wa Majimaji. Nilichokisikia mimi siku ile kwenye vituo vyetu ni msafara, itifaki na hotuba; mjadala wa nini kinafuata baada ya neno samahani ulibaki vijiweni.

Kama nina haki hata nusu, basi kuna kazi ambayo si ya redio peke yake. Mbeya ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, ina kituo cha utafiti wa kilimo Uyole, ina kituo cha utafiti wa tiba kilichoshiriki majaribio ya chanjo ya UKIMWI; Iringa ina chuo cha Mkwawa, ina cha Ruaha, ina Chuo Kikuu cha Iringa. Mwalimu wa huko hupandishwa daraja kwa makala zinazosomwa na wenzake wachache ng'ambo. Saa moja aliyowafikia wakulima wa wilaya tatu haihesabiwi popote. Iwekeeni alama, hata kidogo, mtaona jinsi Kiswahili cha jiolojia kitakavyonyooka. Halafu kuna kibali. Mtafiti wa taasisi ya umma akialikwa studio huambiwa apite kwa msemaji, msemaji humtaka aandike barua, barua hurudi kipindi kimeshapita, na anayekuja mwishowe ni msemaji mwenyewe, mtu mwema asiyejua udongo. Haya yote ni ya kurekebishwa kwa waraka mmoja. Lakini hakuna atakayeandika waraka kwa ajili ya kipindi ambacho wote tumekubaliana kwamba kilikufa kwa sababu ya msikilizaji, ndiyo maana nasema usomaji huu mbaya una gharama.

Nilikisikiliza kipindi cha mwisho cha ile Jumapili. Mgeni alikuwa mwalimu wa jiografia, na dakika arobaini za mwanzo zilikwenda kama nilivyoeleza, shule, maana, umuhimu. Zikiwa zimebaki dakika mbili ikaingia simu ya mama mmoja kutoka Busokelo. "Habari zenu huko, wanangu." Akasema kuna kibonde karibu na shamba lake, chini ya Kiejo, ambako asubuhi huwakuta ndege wamekufa, na mara moja alikuta mbwa. Wazee husema mahali pale pana mwenyewe. Je, ni kweli? Mtangazaji alicheka kidogo. Swali zuri sana mama, akasema, ila muda umetutupa mkono. Likafuata tangazo la sabuni.

Kiejo ni volkano. Zaha yake ya mwisho ilimwagika miaka kama 200 na ushee iliyopita, na simulizi za wenyeji ndizo zilizowasaidia wanajiolojia kukisia tarehe. Chini yake ardhi bado inapumua kaboni dayoksaidi, gesi ile ile inayovunwa huko Rungwe na kujazwa kwenye mitungi hadi viwanda vya soda. Ni nzito kuliko hewa kwa kama mara moja na nusu. Usiku usio na upepo hutuama kwenye vibonde kama maji kwenye beseni, haina rangi, na hukaa hapo mpaka jua na upepo viitawanye. Ndege akitua, amezama. Mbwa akinusa chini, amezama. Mtu mzima anapita amesimama, kichwa chake kiko juu ya ule usawa, haoni lolote, anaendelea na safari yake ya shamba. Labda siku moja ainame kuokota kuni, au amtume mtoto.